Butoni Niliyoitoa kwenye Ngoma

Ninyi watatu mliokuwa kwenye atelye, karakana ya Patron Omari, siku ile mliniona vibaya. Sikatai. Nilikuja kuchukua chuma changu cha kulehemu nilichokiacha nilipoacha kazi, basi. Neema alikuwa mgongoni amelala. Patron Omari alikuwa anawaonyesha ile mashini ya ngoma, imewashwa, mikono yake miwili ya chuma inapiga, na yeye anapiga maneno juu yake.

"Munaona hii? Ile siku ya Lusangi mwanamuke alianguka katikati ya duara, mashini haikutetemeka. Ilipiga mpaka dakika ya mwisho. Iyo ndio kazi."

Mmoja wenu, yule mrefu, akauliza, "Na ule mwanamuke, patron?"

"Ule? Walimurudisha kwao Wamaza na mapacha yake. Eti alikatisha ngoma. Mwanamuke muzembe, atachezea mapacha wapi?"

Mkacheka. Msiseme hamkucheka, nilikuwa mlangoni.

Mimi habari ya kurudishwa nilikuwa siijui. Nikamwuliza, "Patron, walimurudisha lini?"

"Zamani. Wewe ulikuwa wapi?"

"Lakini unajua ni ngoma yetu ilikosa. Unajua, na mimi najua."

Akaniangalia, akaangalia mgongo wangu, akatabasamu. "Mama Neema, nyonyesha mutoto. Mambo ya mashini uliyaacha."

Bisibisi ilikuwa juu ya meza. Mnajua nilichofanya. Nilitoboa ngozi ya ngoma toka huku hadi kule, na ile mikono ya chuma, kwa sababu haina akili, ikaendelea kupiga shimo. Nikatoka bila kuaga, na chuma changu cha kulehemu nikakisahau tena. Kabla sijafika nyumbani maneno yalikuwa yamenitangulia: eti nimezaa, damu imenipanda kichwani.

Ninawaandikia ninyi kwa sababu mnaanza kazi niliyoimaliza. Wengine wanastaafu na mvi. Mimi nimestaafu na maziwa kifuani. Lakini miaka saba ni miaka saba, na hakuna atakayewaambia haya mengine.

Mashini tuliiita Mukwe. Unamkaribisha kwako, anakula yote, kwake yeye ni batri, na ukimwambia neno hasikii. Ya kwanza haikuwa na umeme wa maana. Ilikuwa gogo la duara lenye misumari, linazungushwa na gurudumu la baiskeli, kila msumari unainua fimbo na kuiachia juu ya ngozi. Nilipomaliza sekondari, sehemu ya umeme, patron alinichukua kwa sababu nilimwambia siku ya kwanza kwamba misumari yake imeachana kuliko mwendo wa mtu. Alikasirika, akapima, akaniajiri.

Mashini ile ilikuwa mbaya sana, na ndiyo ilikuwa nzuri kuliko zote. Ikienda mbio, uliweka kiganja kwenye gurudumu, ikapunguza. Ukikaza kiganja, ikasimama. Halafu tukapata mota za kufutia vioo vya gari, tukapata zile ndogo za kufungia milango, tukapata kadi ya kuhifadhi mapigo. Tukatupa gurudumu. Hakuna aliyesema, ngoja, na kiganja sasa tutakiweka wapi.

Mambo ya mikono nitawapa bure. Ncha za fimbo zivisheni kipande cha kandambili, la sivyo ngozi itapasuka kabla keki haijakatwa. Mvua ikinyesha ngozi inalegea. Mpigaji wa nyama na damu anaisogeza kwenye moto, lakini mashini haijui kwamba imelegea, itapiga tu, pu, pu, kama mtu anakung'uta godoro. Masikio ya mashini ni wewe. Na chini ya kila mguu fungeni jiwe kwa mpira wa baiskeli. Sisi hatukuyafunga mawe kwenye harusi ya kwanza. Kila pigo lilimrusha Mukwe kidogo, kidogo, akatoka pembeni ya bibi harusi, akavuka uwanja mzima akiwa anapiga, akafika kwenye meza ya wali. Mjomba wa bwana harusi akasema, "Mupatieni sahani, ametoka mbali."

Tulicheka hadi tukakaa chini. Nakumbuka kicheko kile vizuri kwa sababu wakati ule nilikuwa sijafanya kitu cha kunizuia kucheka.

Mapigo yaliyo ndani ya ile kadi mnayojifunza si ya patron. Ni ya Kalume, mwuza samaki wa Nyangwe aliyekuwa akija Kasongo siku za soko. Akimaliza samaki alikuja kwetu na harufu yake yote. Tulibandika vidude vidogo kwenye ngozi, yeye anapiga, kadi inashika kila pigo. Siku ya kwanza alipiga kidogo akaacha.

"Muchezaji iko wapi?"

"Hakuna muchezaji, Kalume," patron akamjibu. "Piga tu."

"Nipigie nani? Ukuta?"

Aligoma kabisa. Ikabidi mimi nicheze, katikati ya mota na nyaya, na patron anakufa kwa kicheko. Kalume hakuangalia ngoma hata mara moja. Aliangalia miguu yangu. Nilipochangamka aliongeza, nilipoanza kuhema alishusha, mapigo yakawa mapana kama mtu anayekuwekea mkeka ukae. Patron akapiga kelele, "Usipunguze. Kadi inataka mwendo mumoja."

"Amechoka, hauone?"

"Kuona si kazi yetu. Sisi tunashika mapigo."

Kalume akamgeukia, akasema polepole, "Basi mutakuwa na mikono bila macho. Mutu wa hivyo kwetu tunamushika mukono tukivuka barabara."

Nilicheka tena. Na Kalume alipoondoka, patron akaniambia nifute kila mahali aliposhusha mwendo. Nilikaa siku mbili na kadi ile, nikasikiliza, nikakata, nikaunganisha. Kila pumziko alilonipa mimi mwenyewe nililitoa kwa mkono wangu. Nilifanya vizuri. Hamwezi kusikia palipokatwa. Nilijivunia hilo, mbele ya watu, zaidi ya mara moja.

Sasa butoni.

Mukwe alikuwa na butoni nyekundu mbele, ya kusimamisha. Ikatusumbua. Mlevi anaibonyeza aone kitatokea nini. Kwenye harusi moja wajomba wa pande mbili waliibonyeza kwa zamu, huyu akiona wa upande ule wanacheza sana, anazima. Yule anawasha, anazima wa huku. Siku nyingine mtu alifungua sanduku la batri achaji simu yake, na ngoma ikafa bibi harusi akiwa mguu mmoja hewani.

Patron akasema, "Toa iyo butoni." Nikaitoa. Nililehemu nyaya mbili pamoja moja kwa moja, risasi ya kulehemu inang'aa kama jino la dhahabu. Kuanzia siku ile Mukwe alisimamishwa na kitu kimoja tu, rimoti ya gari kukuu, nayo ilikaa mfukoni mwa patron. Sanduku la batri likafungwa kwa kufuli. Ufunguo ulikaa mfuko ule ule. Sikuuliza, je, patron asipokuwepo. Nilikuwa na diploma ya umeme ya serikali na sikuuliza swali ambalo mtoto wa darasa la pili angeuliza.

Lusangi tuliitwa kwa sherehe ya mapacha. Patron alikuwa na kazi nyingine, akanituma mimi na mwendesha moto, yaani pikipiki, wa kutubeba, mimi na Mukwe. Aliweka saa moja nzima ya ngoma kwenye kadi. Rimoti hakunipa. Alisahau, anasema. Mimi sikumkumbusha. Tuseme tulisahau wawili.

Mnajua au hamjui jinsi mapacha wanavyotolewa nje kwa watu wa kule. Mama wa mapacha anaingia kwenye duara, wakubwa wanamshikia watoto, naye anacheza. Hatoki kabla ngoma haijanyamaza. Hakuna wa kumvuta, hata mama yake mzazi. Akitoka ngoma inalia, amekatisha ngoma ya watoto wake, na kila homa itakayowapata itakuwa na jina lake. Ni sheria kali, lakini haikuwahi kuumiza mtu, kwa sababu mpigaji yupo. Mpigaji anamwona mama ametoka kuzaa juzi, anamchezesha kidogo kwa heshima, anashusha, ananyamaza, watu wanapiga vigelegele. Sheria ile yote imesimama juu ya macho ya mpigaji. Na sisi tulipeleka Mukwe.

Mama wa mapacha aliitwa Salima. Alikuwa na wiki tatu tangu azae, Hasani na Huseni. Mdogo kuliko mimi. Aliingia akicheka, kitenge kipya, poda shingoni, wote wanamwita Mama Mapasa, Mama Mapasa. Alicheza vizuri. Halafu akacheza akiwa anaangalia upande wa ngoma. Nilimwona anaangalia. Alikuwa anatafuta uso wa mtu, na pale hapakuwa na uso, palikuwa na fito za chuma.

Mama mkwe wake akanijia. "Binti, muambie apunguze."

"Haisikiaki, mama."

"Basi asimame."

"Inasimama yenyewe, mama. Bado kidogo."

Haikuwa kidogo. Ilikuwa imebaki zaidi ya nusu saa. Nilikwenda nyuma ya Mukwe, nikavuta kufuli, nikatafuta nyaya zangu mbili, nikakumbuka nimezifunika kwa bati nikaligongea misumari. Nikapiga simu kwa patron, hakuna mtandao. Bisibisi ilikuwa mkononi mwangu. Sikilizeni hapa, maana ndipo sababu ya barua hii. Bisibisi ilikuwa mkononi mwangu na ngozi ya ngoma ilikuwa mbele yangu, karibu kama karatasi hii. Kuitoboa si kazi, mlinishuhudia. Lakini niliona patron akiniambia, umeharibu, usirudi tena. Nikafikiri, labda atavumilia. Nikafikiri, wanawake wa kijiji wana nguvu. Ndiyo, nilifikiri hivyo, mimi mwanamke.

Alianguka kwa magoti kwanza, akainuka, akaendelea. Mara ya pili hakuinuka. Kitenge kilikuwa kimelowa damu. Mwendesha moto wetu, Mungu ambariki, hakungoja kuambiwa. Walimpakia katikati, mwanamke mmoja akamshika kwa nyuma, wakaenda kwenye kituo cha afya. Salima alipona. Watoto hawakuguswa. Lakini duara lilikuwa tupu, watu wamesimama pembeni, na Mukwe anapiga. Alipiga kadi nzima. Hakuna aliyethubutu kumgusa, hata mimi.

Aliponyamaza, mama mkwe akanijia tena. Hakuwa na ukali. Alikuwa anatafuta neno la kuwaambia watu. Akaniuliza mbele yao wote:

"Ninyi wenye ngoma, ilikosa kitu?"

Patron alikuwa ametufundisha, mbele ya mteja mashini haina kosa. Nikajibu, "Hapana, mama. Ngoma iko muzima."

Ni maneno matano. Kwa maneno hayo, kama ngoma ilikuwa nzima, basi mgonjwa alikuwa Salima. Watu wale hawakuwa wabaya. Waliuliza fundi, fundi akawajibu.

Niliendelea na kazi. Sikulia, sikukonda. Nikaolewa, nikapata mimba, na nilipomzaa Neema nilijua wiki tatu baada ya kuzaa ni nini. Nilikuwa siwezi kubeba ndoo. Nikaacha kazi, nikawaambia watu ni kwa sababu ya mtoto. Hiyo nayo ilikuwa nusu ya uongo.

Kwa hiyo siku ile mliponiona, nilikuwa sijakasirika na patron peke yake. Huyo ni tapeli mdogo, nitamshughulikia. Nilikuwa nasikia kwa mara ya kwanza maneno yangu matano yalipofika.

Juma lililofuata nilichukua moto hadi Wamaza. Nilimkuta Salima kwa baba yake anamenya mihogo, Hasani na Huseni wanapigania kijiko. Alinitambua kabla sijasema salamu. Nikapiga magoti, nikaanza kuomba radhi. Aliniacha niseme yote, ya butoni, ya kadi, ya bisibisi, huku kisu chake hakisimami.

"Umemaliza?"

"Ndiyo, dada."

"Iyo radhi nitaipika?"

Akachukua muhogo mwingine.

"Hasani alipata homa, wifi yangu akakumbuka ngoma. Mume wangu alinitetea, wakamujibu, lakini fundi mwenyewe alisema ngoma iko muzima. Ulisema mbele ya watu. Sasa umekuja kuniambia mimi hapa kwa nyumba ya baba. Mimi najua tangu siku ile. Nilikuwa ndani ya duara." Akatupa muhogo kwenye beseni. "Inuka, mutoto wako atasumbuka. Enda useme kule ulikosemea."

Alinipa maji ya kunywa. Chakula hakunipa, na mnajua kwetu hilo ni nini. Nilistahili.

Kabla ya kumaliza, kazi yenu. Butoni irudisheni, nyekundu, mbele, hata mtoto aifikie. Walevi wataibonyeza, waacheni waibonyeze. Mapumziko ya Kalume yarudisheni kwenye kadi. Nilihifadhi nakala, ipo kwenye kopo la misumari midogo, patron hajui. Na popote mtu anapocheza kwa sheria, ya mapacha, ya matanga, ya kutawaza, msipeleke Mukwe. Mwiteni Kalume, hata kama ananuka samaki. Patron akiwafukuza kwa hayo, mfukuzwe. Mimi sikufukuzwa, na mnaona.

Niliandika mashtaka kwa mkono wangu, nikayapeleka mwenyewe kwenye ofisi ya groupement, kwa chefu wa vijiji vya kule, Lusangi. Karani aliyasoma mara mbili, akavua miwani.

"Mama, hapa kwa mushitaki umeandika jina yako."

"Ndiyo, baba."

"Na hapa kwa mushitakiwa, tena jina yako."

"Ndiyo."

"Sijaona hivi. Mutu anakuja hapa kushitaki jirani, kushitaki mume. Niyaweke kwenye faili gani?"

"Ile ya ndoa ya Salima, baba. Iko hapa kwenu, walipomurudisha mulipiga muhuri."

Akaniangalia, akaangalia Neema, akafungua kabati. Aligonga muhuri juu ya nakala zote mbili. Hii ndiyo niliyorudi nayo, nainakili kama ilivyo:

Kwa Chefu wa Groupement, Lusangi.

Mimi, Mama Neema, mkaaji wa Kasongo, fundi wa zamani wa ngoma za mashini, nashitaki watu wawili: Omari, mwenye atelye, na mimi mwenyewe.

Katika sherehe ya mapacha ya Salima, ngoma yetu haikuweza kusimamishwa. Omari aliamuru butoni ya kusimamisha iondolewe; mimi niliiondoa. Omari alibaki na rimoti na ufunguo. Mimi nilikubali kuondoka bila hivyo. Mama mkwe wa Salima aliomba ngoma ipunguzwe, kisha isimame, haikuwezekana. Nilikuwa na bisibisi ya kuitoboa na sikuitoboa, kwa kuogopa kufukuzwa. Salima alicheza mpaka akaanguka akivuja damu, wiki tatu baada ya kuzaa.

Niliulizwa mbele ya watu kama ngoma ilikosa. Nilisema ilikuwa nzima. Nilisema uongo. Salima hakukatisha ngoma ya watoto wake. Hakukuwa na mpigaji wa kumnyamazia.

Naomba uamuzi wa kumrudisha kwao ufutwe, na barua hii isomwe kwa sauti uwanjani kwa mume wake, si ofisini. Naomba Omari akatazwe kutoa ngoma yoyote isiyoweza kusimamishwa na mtu yeyote aliyepo. Adhabu yangu muamue ninyi.

Mashahidi wengine wanaweza kusema hawakumbuki. Shahidi ni mimi, na mkosaji ni mimi. Niitwe mara mbili.